Zamu za Kubebeana

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya kaki, nimekibana kwapani kisije kikakunjika. Nilikuwa nimetoka Ntimaru alfajiri, nimevaa shati jeupe na viatu vya shule nilivyovipiga rangi mara mbili, kwa sababu kichwani mwangu kiwanda cha sukari kilikuwa mahali pa kukaa ofisini. Nyapara wa uwanja wa miwa, mzee wa Kijaluo mwenye kofia ngumu iliyopasuka ukingoni, hakuifungua bahasha. Alishika mikono yangu, akaigeuza viganja juu, akaguna.

"Cheti rudisha nyumbani kwa mama," akaniambia. "Hapa tunataka hii mikono, na bado haijakomaa."

Sote tulimwita Jaduong', ambalo ni neno la Kijaluo la kumheshimu mwanamume mzee, na sikulijua jina lake la kuzaliwa mpaka siku aliyostaafu. Alinipa ndoano ya chuma yenye mpini wa mbao, akanielekeza kwa kijana mmoja aliyekuwa amekaa juu ya tela akitafuna muwa, akasema huyo ndiye mwenzangu. Huyo alikuwa Okelo. Alivitazama viatu vyangu, akacheka mpaka akapaliwa.

Ninyi vijana mnaosoma haya pengine hamjui uwanja wa miwa ulivyokuwa, kwa hiyo nieleze kidogo. Trekta huleta tela, tela hupimwa kwenye mizani, kisha kreni huinua mzigo mzima kwa minyororo na kuumwaga juu ya meza. Meza yenyewe si ya kulia chakula. Ni sakafu ya chuma iliyoinama, yenye minyororo inayotembea, nayo husukuma miwa kuelekea kwenye visu na kinu. Mingi humwagika pembeni. Kazi yetu sisi wa ndoano, wawili wawili, ilikuwa kuiokota ile iliyoanguka na kuivuta tena mezani kabla tela lingine halijafika, na kuinyoosha iliyolala vibaya isije ikakwama. Kinu kikikosa miwa husimama, na kukianzisha upya ni shughuli ya kuwatoa mameneja ofisini mbio. Kila kusimama kuliandikwa kwenye daftari la kinu, saa na sababu. Sababu iliyotutia baridi ilikuwa neno moja tu, "uwanja," maana hapo tulikuwa tumetajwa sisi.

Viatu vya shule vilimaliza wiki moja. Okelo alinifundisha kujifunga kitambaa shingoni, kwa sababu miwa ina vinyoya vinavyowasha kupita upupu, na kuvuta mzigo kwa nguvu za miguu badala ya mgongo. Alinifundisha pia kula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, bila kuuliza mboga iko wapi. Mimi nikamletea uji wa wimbi uliochachuka vizuri kutoka kwetu Kuria. Siku ya kwanza aliunywa amefumba macho. Wiki iliyofuata aliuliza kama mama yangu ana mtungi mkubwa zaidi.

Ijumaa ya tatu Okelo hakuonekana. Jaduong' akaanza kuita majina, nami nikaanza kumwonea huruma mwenzangu, kwa kuwa kukosa kazi bila ruhusa kulikuwa na adhabu kali. Alipofika kwa Okelo, sauti nzito ikajibu nyuma yangu, "Yuko!" Nikageuka. Aliyejibu alikuwa mzee mmoja wa kwetu, Mkuria asiyeweza kusema Kijaluo zaidi ya salamu, na siku hiyo ilikuwa ya mapumziko yake. Jaduong' alikuwa akiangalia angani kama anayekagua mvua, na mbingu zilikuwa nyeupe pe.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na kubebeana. Mkataba wa pamoja, yaani yale makubaliano ya maandishi baina ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, ulitoa siku chache za msiba, tena kwa mzazi, mke au mume, na mtoto pekee. Haukusema lolote kuhusu mjomba, wala shangazi, wala mama mkwe. Na Mjaluo asiyeonekana kwenye mazishi ya mjomba wake ataulizwa habari hiyo mpaka siku atakayozikwa mwenyewe. Sisi Wakuria nasi tuna msimu wa tohara, ambapo baba wa kijana hawezi kukosa boma lake wageni wanapoingia. Likizo ya tohara haikuwa kwenye mkataba wowote duniani. Kwa hiyo watu wa uwanja, zamani kabla yangu, waligundua jambo rahisi: shughuli zetu haziangukii siku moja. Mjaluo akiwa na msiba, Mkuria aliye mapumzikoni anambeba. Msimu wetu ukifika, Wajaluo wanatubeba.

Kumbeba mtu kulikuwa na namna yake. Uligonga kadi yake kwenye mashine ya saa getini, ukaitika jina lake, na kwa zamu nzima ukawa yeye. Watu walikuita kwa jina lake na kukutania kwa mambo yake. Mara ya kwanza nilipombeba Okelo nilishinda nikiulizwa kama mama mkwe amekubali wale kuku, na nikajibu kwamba mmoja amemrudisha kwa sababu anachechemea. Hukuuliza mwenzako anakwenda wapi, hukushukuriwa, na hukuhesabu ni mara ngapi. Lakini hukubebwa mpaka uombe mwenyewe kwa mdomo wako: "Utanibeba?" Jibu lilikuwa ndiyo, au ulitaja mtu mwingine wa kumwendea.

Kijana wangu wa kwanza alipotahiriwa, Okelo alinibeba siku mbili mfululizo. Niliporudi nilimkuta ana malengelenge viganjani, naye akaniuliza tu kama uji umebaki.

Nilikaa uwanjani miaka mingi kuliko nilivyokusudia, halafu nikahamishiwa kwenye mizani kuandika uzito wa matela, na hapo ndipo kile cheti changu kilipotoka kwenye bahasha kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa nilikuwa nasoma mkataba wa pamoja wakati wa chakula, tena kwa sauti, wenzangu wakanichagua kuwa mwakilishi wao. Mwakilishi ni mfanyakazi anayechaguliwa na wenzake wa idara moja kupeleka malalamiko yao kwa wakubwa. Halipwi kwa kazi hiyo. Anachopata ni kusalimiwa na wengi na kulaumiwa na wote. Okelo ndiye aliyetaja jina langu kwenye uchaguzi, akisema afadhali mdomo wangu ufanye kazi yenye faida.

Mkubwa wangu katika chama alikuwa Katibu wa Tawi, mtu mnene mwenye sauti ya chini ambaye sikuwahi kumwona akiharakisha jambo. Alinipa agizo moja. "Kabla hujaingia ofisi ya meneja," akasema, "uliza wenyewe wanataka nini. Halafu uliza tena, mara ya kwanza watu husema kile wanafikiri unataka kusikia." Nililiandika agizo hilo kwenye daftari langu jipya, nikapiga mstari chini yake, nikalisahau.

Nililisahau kwa sababu ya kozi. Chama kilinipeleka Kisumu kwa majuma matatu kusomea mahusiano ya kazini, nikarudi na mkoba wa ngozi bandia na maneno mengi. Mkufunzi mmoja alikuwa ametuambia kwamba desturi ya kazini isiyoandikwa ni haki isiyo na mlinzi, siku meneja mpya akija inafutika. Na kweli tulikuwa tumepata Meneja wa Utumishi mpya, mama mmoja mwembamba kutoka Nairobi aliyejulikana kwa kusoma kila karatasi mpaka nukta ya mwisho. Nikaona wazi kazi yangu ni ipi. Nitaiandika desturi ya kubebeana, nitaipeleka kwake, itaingia kwenye mkataba, na uwanja mzima utanishukuru.

Niliandika kurasa nne. Nilizipeleka zikapigwe chapa Migori mjini, kwa mama mmoja mwenye taipureta karibu na stendi, na nikamsimamia nyuma ya bega mpaka akaniomba nikae mbali. Kichwa cha habari kilikuwa kwa herufi kubwa: UTARATIBU WA KUBEBEANA ZAMU. Kulikuwa na utangulizi, historia, manufaa, na sehemu niliyoipenda kuliko zote, ya mifano halisi. Humo nilitaja watu wanane kwa majina, tarehe walizobebwa na sababu zao, ili meneja aone kwamba ni jambo la kweli na la kibinadamu. Okelo alikuwa mfano wa kwanza. Jina langu sikuliweka. Nilijiambia kwamba mwandishi hajitaji, ingawa leo najua kwamba mkono wangu ulikuwa na akili kuliko mimi, na akili yenyewe haikuwa ya heshima.

Hakuna hata mmoja wa wale wanane niliyemuuliza.

Siku ya tatu baada ya kuiwasilisha karatasi, barua nane zilishuka uwanjani. Zilikuwa barua za kujieleza, zile anazopewa mfanyakazi aeleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua. Kosa lilikuwa kugongeana kadi. Katika kanuni za kiwanda hilo lilikuwa kosa la kufukuzwa papo hapo, pasipo notisi, mahali pamoja na wizi na kupigana. Ushahidi ulikuwa umeambatishwa nyuma ya kila barua. Ulikuwa kurasa nne, umepigwa chapa vizuri, na mwishoni ulikuwa na sahihi yangu.

Niliteremka kutoka mizani mpaka uwanjani. Watu wanane, na nyuma ya kila mmoja nyumba nzima, na mimi ndiye niliyewapanga kwenye mstari. Okelo alikuwa ameketi juu ya mpini wa ndoano yake akisoma. Alisoma polepole mpaka mwisho, akarudi ukurasa wa tatu, akapitisha kidole kwenye majina.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Lakini jina yako sioni. Ama wewe hujawahi bebwa?"

Angenitukana ningeshukuru.

Nilikimbilia kwa Katibu wa Tawi. Alisoma kurasa zote nne, akaziweka mezani, akaniuliza kama niliwauliza wenyewe. Nikasema hapana. Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, akasema kikao cha nidhamu ni Jumatatu na mimi nikiwa mwakilishi wao ndiye nitakayesimama kuwatetea, dhidi ya karatasi yangu mwenyewe. Katika miaka yake yote ya chama, akasema, hajawahi kuona mtu akiwa shahidi wa upande wa pili na wakili wa upande huu. Nadhani alikuwa akijizuia kucheka, na nadhani pia alikuwa na hasira.

Jumapili nilirudi Ntimaru nikamweleza mke wangu, Robi, kila kitu. Nilitumia maneno yote ya kozi. Alisikiliza huku akichambua maharagwe, kisha akauliza swali moja tu: kama hao wanane watafukuzwa, mimi Jumanne nitaingia kwa geti gani? Nikamwambia kuna watoto wanne wa kulisha. Akasema Okelo naye ana watano.

Jumatatu tuliingia kwenye chumba cha mikutano. Upande mmoja alikaa Meneja wa Utumishi na Meneja wa Uzalishaji, upande wetu Katibu wa Tawi, mimi, na wale wanane wamevaa nguo za kanisani. Meneja wa Utumishi alikuwa na nakala yangu mbele yake, imepigwa mistari kwa kalamu nyekundu. Kabla hajafungua kikao niliomba ruhusa ya kusema.

"Madam, ile karatasi yangu iko na kasoro," nikasema. "Kuna jina moja halimo."

"La nani?"

"Langu. Nilibebwa siku mbili kijana wangu alipotahiriwa, na nimebeba wengine mara nyingi. Naomba liandikwe juu, kabla ya Okelo."

Akainua kalamu yake nyekundu. "Unajua maana ya unachosema?"

"Najua, Madam. Nimesomeshwa."

Katibu wa Tawi alikohoa. Meneja aliandika jina langu kwa mkono wake mwenyewe, na niliona Okelo akiinua kichwa kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Hapo nikaomba daftari la kinu. Nilisema mwajiri ana haki ya kuuliza kadi iligongwa na nani, lakini ana haki kubwa zaidi ya kuuliza kama kazi ilifanywa, na kitabu cha kujibu hilo si changu, ni chake. Meneja wa Uzalishaji, ambaye alilipenda daftari lake kuliko gari lake, akaagiza liletwe. Tukasoma tarehe moja baada ya nyingine, zote nilizozitaja kwa ujinga wangu. Kinu kilisimama kwa mkanda uliokatika. Kilisimama kwa mvuke mdogo. Tarehe moja kilisimama kwa sababu ng'ombe aliingia mizani. Neno "uwanja" halikuwepo hata mara moja.

Mwisho aliitwa nyapara, awe shahidi wa kiwanda. Jaduong' aliingia ameishika ile kofia yake mkononi. Meneja wa Utumishi akamuuliza kama alijua kwamba watu wanaitikiana majina.

"Mimi ndiye naita hayo majina, Madam," akasema Jaduong'. "Sauti ya kila mtu naijua, hata wakiwa na homa. Kama ni kadi, nifukuze pamoja na wao. Kama ni kazi, kazi ilifanywa, na sijawahi kukosa mkono hata siku moja."

Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu.

Meneja wa Utumishi alitutoa nje, tukakaa barazani muda wa kunywa chai mara tatu, ila chai haikuwepo. Alipotuita alisema barua nane zimeondolewa. Sisi tisa, na Jaduong' wa kumi, tungepata onyo la maandishi. Kuanzia sasa anayetaka kubebwa atajaza fomu, yeye na mbebaji wake watatia sahihi, nyapara atatia yake, na kila mtu atagonga kadi yake mwenyewe. Wakati wa kutoka alinisimamisha mlangoni. "Ungekuja kuniuliza kwanza," akasema taratibu, "ningekuambia usiandike." Mpaka leo namheshimu mama yule.

Basi tulishinda. Mkataba uliofuata ulikuwa na kifungu cha kubadilishana zamu, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokiandika. Wale wanane walinisalimia kama kawaida, tukala pamoja, na mama yangu alipofariki Okelo mwenyewe alitia sahihi fomu yangu, akanibeba siku nne juu ya zile za msiba, kisha akaja Ntimaru siku ya mazishi na sanduku la soda. Nilichokikosa kilikuwa kidogo, mtu mwingine asingekiona. Okelo hakuniomba tena nimbebe. Alipofiwa alimwendea huyu, akamwendea yule, hata kuna msiba alimwomba mtu wa Rongo ambaye hawakuwa wakisikilizana. Nilijipitisha mbele yake siku zangu za mapumziko, nikasema kwa sauti kwamba sina shughuli. Alinijibu kwamba ni vizuri nipumzike. Iliniuma, nami sikuwa na sura ya kuuliza kwa nini.

Baadaye chama kiliniajiri kuwa mratibu, nikahamia Homa Bay. Huko kulikuwa na kiwanda cha kukata minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, kina mama mia na ushei wamesimama kwenye maji baridi wakiwa na buti nyeupe, na wakubwa wa chama walinituma nikadai nyongeza ya mshahara. Safari hii niliuliza kwanza. Niliuliza tena. Mara ya pili mama mmoja mkongwe wa kisu, mwenye asili ya visiwani, alisema nyongeza ni nzuri, lakini shida ni geti. Wengi wao walivuka kwa boti, boti ilichelewa kwa sababu ilingoja kujaa, na geti lilifungwa saa moja kamili. Aliyekuta limefungwa alirudi nyumbani bila siku yake. Walitaka robo saa. Nilipeleka ombi hilo pamoja na lile la wakubwa wangu. Robo saa ilipatikana siku hiyohiyo, nyongeza ikachukua mwaka, na zawadi niliyoletewa kwa ajili ya robo saa ilikuwa mbuta mzima niliyeshindwa kumbeba.

Nikiwa huko nilisoma kwa njia ya posta mpaka nikapata stashahada, na siku ya kuipokea nilikuwa mzee kuliko mkuu wa chuo aliyenikabidhi. Mwaka uliofuata chuo kimoja cha ufundi pale Homa Bay kikaniomba nifundishe somo la mahusiano ya kazini. Siku ya kwanza nilishika chaki kwa mkono wote kama ndoano, na darasa likacheka. Nikawaonyesha alama kwenye viganja vyangu, wakaacha kucheka, nikawaambia waendelee, somo hili halifai kwa wanaonuna.

Nilifundisha mpaka nikastaafu. Walikuja makarani wa kaunti, wasimamizi wa hoteli, viongozi wa bodaboda, binti mmoja wa duka la vitambaa la Waislamu pale mjini ambaye alitaka tu kujua jinsi ya kuishi na wafanyakazi wa baba yake. Waliniita Japuonj, mwalimu. Kila darasa nililipa kisa cha barua nane, na sikujificha: mwakilishi alikuwa mimi, na jina lililokosekana lilikuwa langu. Tulichambua kanuni, ushahidi, daftari la kinu. Na kila mwaka, bila kukosa, palitokea mtu nyuma akauliza, "Japuonj, hao watu walikusamehe?" Nilikuwa nikijibu kwamba hilo haliko kwenye silabasi. Darasa lilicheka, nami nikacheka nao, halafu nikafuta ubao polepole.

Sasa niko Ntimaru na ng'ombe watatu na migomba. Vijana wananipigia simu kuniuliza mambo ya kazi za siku hizi, za mkataba wa miezi mitatu na bosi asiyeonekana, anayetoa amri kwa ujumbe wa simu. Nawaambia sheria zimebadilika na watoe nakala ya kila kitu. Lakini nawaambia pia kwamba kazini kuna mambo ambayo watu wameyatengeneza wenyewe kwa miaka mingi, kwa kuvumiliana, na mtu msomi akitaka kuyasaidia avue viatu kwanza, aulize. Mimi niliingia nayo matope ndani. Barua zile ziliondolewa, mkataba ukaboreka, wengine wamenufaika wasionijua, na bado katika uzee wangu nimekuwa nikiiona sura ya Okelo akipitisha kidole kwenye majina.

Okelo alistaafu akarudi kwao Osiri, kwenye dhahabu. Huko wanaochimba mwamba, wanaousaga na kina mama wanaoosha mchanga wana kikundi chao, na walimfanya mwenyekiti wa kamati ya malalamiko, kazi ambayo hapana shaka aliikubali ili anionyeshe inavyofanywa. Tulikuwa tukipigiana simu sikukuu kwa sikukuu. Juma lililopita alipiga siku ya kawaida, asubuhi, nikiwa nakamua.

"Marwa, omera," akasema, akiniita ndugu kwa Kijaluo. "Shemeji yangu tunamzika Ijumaa huko Ndhiwa. Na Ijumaa hiyohiyo niko na kikao ya wamama wa kuosha. Wamengoja sana, siwezi kuwaambia wangoje tena. Utanibeba?"

Mikono yangu iliacha kukamua. Ng'ombe aligeuza kichwa akaniangalia.

"Uko?" akauliza.

"Niko. Nilidhani una hasira na mimi, miaka hii yote."

"Hasira iliisha mwaka ule ule. Nilikuwa naogopa utaandika." Nikamsikia akicheka, kile kicheko chake cha kupaliwa. "Ukija, wasikize tu. Kalamu wacha nyumbani."

Nikamwambia ndiyo. Robi alitoka jikoni akanikuta nimeketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nafuta macho na huku nacheka. Akashtuka, akauliza nani amekufa. Nikamwambia ni shemeji yake Okelo, na kwamba Ijumaa asiniwekee chakula cha mchana, nina zamu.